Bei ya Jahazi Dogo

Sisi watu wa Amani tunajidanganya kwamba bahari haituhusu. Tunaishi juu ya milima ya Usambara Mashariki, katika ukungu na mvua, tukizungukwa na msitu ambao Wajerumani waliuona unafaa kwa utafiti, wakajenga humo, mnamo mwaka 1902, taasisi yao ya biolojia na kilimo. Mazungumzo yetu ni ya iliki, karafuu, mdalasini, chai, na barabara ya Muheza inapoharibika. Hata hivyo, sebuleni kwangu, juu ya kabati la vitabu, liko jahazi. Urefu wake ni kutoka kiwiko cha mkono wangu hadi ncha za vidole. Aliliunda mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi wa vyombo Pangani na baadaye Tanga mjini, na kwa miaka mingi nililichukulia kuwa ni pambo tu, kitu cha kupanguswa vumbi Idi inapokaribia.

Mwaka juzi mjukuu wangu alikuja likizo. Jioni moja alikaa barazani na simu yake, mara akaniita.

"Babu, hebu njoo uone. Hili si ndugu yake la kwetu?"

Nikavaa miwani. Katika kioo cha simu niliona jahazi dogo la mbao, limewekwa mnadani kwenye intaneti. Muuzaji alikuwa nchi za mbali. Maelezo yake yalisema kwamba ni chombo cha kale cha Kiarabu kutoka Zanzibar, kazi ya mikono mitupu, hadhi ya makumbusho. Bei aliyoiandika ilikuwa dola 4,800. Mjukuu wangu alipiga hesabu upesi, akasema ni zaidi ya shilingi milioni 10. Kwa fedha hiyo, Tanga, mtu angeweza kununua mashua ya kweli iliyotumika, akaingia baharini kesho yake, akarudi na samaki.

Nilikitazama chombo kile kwa makini. Mlingoti wake ulilalia nyuma, ilhali mlingoti wa jahazi huinama kuelekea omo. Tanga lilifungwa kwenye mlingoti wenyewe, bila foromali, kana kwamba aliyelikata hajapata kuona jahazi likitweka. Mbao zilimeremeta kwa vanishi mpya. Hilo halikuwa la kale, na aliyeliunda hakuwa fundi wa vyombo. Lakini kilichonichoma moyoni si udanganyifu ule. Nilimkumbuka mjomba wangu, ambaye wageni waliokuja kutazama msitu walinunua vijahazi vyake kwa fedha ya kutosha kilo chache za sukari, naye akawashukuru.

"Babu," akasema mjukuu wangu, "kama hilo ni dola 4,800, hili letu ni ngapi? Si tungelipia ada ya chuo?"

Swali hilo sikuweza kulijibu usiku ule. Ninayoyaandika hapa ni majibu niliyoyatafuta baadaye.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba bei iliyoandikwa si bei iliyolipwa. Mnada wa intaneti ni kitu cha juzi juzi. Ule uliokuja kujulikana kwa jina la eBay ulianzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar, na inasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kalamu ya kumulikia miale ya leza, tena mbovu, kwa dola 14.83. Mwenye mnada alistaajabu, akamwuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba kitu hicho kimeharibika. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya vile vilivyoharibika. Mnada mzima umo katika jibu hilo. Hakuna kitu kisichokuwa na mtu wake. Kazi ni kumpata mtu huyo, na mnada huo umeieneza sauti ya mnadi dunia nzima.

Lakini katika mnada wa kweli mtu mmoja hatoshi. Anayetaka sana hulipa kidogo tu kupita yule wa pili wake. Wakiwa wawili wenye uchu, bei hupanda kama moto wa makuti. Akiwa mmoja, kitu huondoka kwa bei ya kutupa. Ndiyo sababu wauzaji wengi hawathubutu kuachia mnada uamue. Huandika bei yao wenyewe, kubwa kadiri ya ndoto zao, wakakaa kungoja. Kuandika hakuna gharama kubwa. Wengine wakiiona bei hiyo hudhani ndiyo bei ya soko, nao huandika kama hiyo au zaidi, na hivyo ndoto ya mmoja hugeuka kuwa kipimo cha wengi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jahazi la dola 4,800 lilikuwa likijitembeza. Mjukuu wangu alilifuatilia miezi kadhaa, na lilikuwa pale pale, bei ile ile, halina mnunuzi.

Kwa sisi wa mwambao, neno mnada lina kumbukumbu nyingine ambayo haifai kupitwa kimya. Katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873, binadamu waliuzwa kwa sauti za wanadi, na Pangani yetu ilikuwa mlango mmojawapo wa misafara iliyotoka bara. Mtu alitazamwa meno, akatembezwa, akatajiwa bei. Bei ile haikusema lolote juu ya thamani ya mtu yule. Ilieleza tu tamaa na mifuko ya waliokuwa wamesimama pale. Ikiwa bei ilikosea kiasi hicho kwa binadamu, mimi naona ni wajibu wetu kuishuku hata inapotajwa juu ya kipande cha mti.

Jambo la pili nililitafuta kwa hesabu. Wanaounda vyombo vidogo kwa uangalifu hufuata uwiano. Tuseme uwiano ni 1 kwa 50. Jahazi la mita 15 huwa na urefu wa sentimita 30. Ubao wenye unene wa sentimita 4 unapaswa kuwa na unene usiofika milimita moja. Kichwa cha msumari cha sentimita moja kinakuwa sehemu ya tano ya milimita, mfano wa chembe ya vumbi. Sasa tazama ujazo wake. Kwa kuwa urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa kwa 50, mbao zinazohitajika ni sehemu moja kati ya 125,000 ya zile za chombo kikubwa. Kama bei ingefuata mbao, jahazi la shilingi milioni 25 lingekuwa na mtoto wa shilingi 200.

Ila kazi haigawanyiki hivyo. Idadi ya mataruma ni ile ile. Idadi ya mbao za ubavuni ni ile ile. Mkuku mmoja, fashini moja, mlingoti mmoja, foromali moja, na kila kamba lazima ipite mahali pake. Fundi wa chombo kikubwa hushika tezo kwa mikono miwili na wasaidizi wanamzunguka. Wa chombo kidogo yuko peke yake, anakata kwa wembe, anabana pumzi. Taruma kubwa likikosewa kidogo, fundi huchonga akaziba kwa pamba na kalafati. Taruma la ukubwa wa njiti ya kiberiti likikosewa, hutupwa. Kumbe basi, ukilipunguza jahazi unapunguza mbao, lakini saa za kazi hazipungui kwa kipimo hicho hata kidogo.

Na dunia imekwisha kuliona jambo hili mara nyingi. Katika kaburi la Tutankhamun, mfalme kijana wa Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, mlikutwa mifano 35 ya mashua, aliyoandaliwa kwa safari ya huko aendako. Uingereza, karibu na mji wa Peterborough, palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita iliyoitwa Norman Cross, kuanzia 1797 hadi 1814. Wengi wa wafungwa wake walikuwa Wafaransa. Walikusanya mifupa ya nyama waliyopewa kula, wakaisafisha na kuichonga kuwa merikebu zenye mizinga na matanga, kisha wakaziuza kwenye soko la langoni ili wapate tumbaku na chakula cha nyongeza. Leo merikebu hizo za mifupa huuzwa minadani kwa maelfu ya pauni. Aliyechonga alipata tumbaku, na majina ya wengi wao yamepotea.

Nilipoyafahamu hayo, hasira yangu juu ya mjomba ilipungua, maana niliona kwamba yaliyompata ni ya kale. Lakini swali lilibaki: ni kitu gani kinachoipandisha bei, kama si mbao wala jasho?

Jibu nililipata hapa hapa Amani. Vita Kuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba bahari yetu, na meli za kuleta bidhaa kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Aprili 1915 moja ilijaribu: Rubens, iliyojibadili jina ikajiita Kronborg na kujifanya ya Denmark. Ilifuatwa na manowari Hyacinth hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na kuzama katika maji machache. Shehena yake nyingi iliopolewa baadaye. Katika dhiki hiyo taasisi ya Amani, iliyokuwa ya kuchunguza mimea, iligeuzwa kuwa kiwanda. Magome ya mikwinini iliyopandwa milimani yakawa dawa ya homa kwa askari. Pakatengenezwa sabuni, mafuta, vitu vya mpira na vinywaji. Gome lililokuwa likining'inia mtini bila kutazamwa na mtu likawa roho ya jeshi. Gome halikubadilika; kilichobadilika ni kwamba meli haikuja.

Ndivyo ilivyo kwa majahazi. Zamani mbao zilishuka kutoka milima hii, na Wajerumani hata wakajenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi kwa ajili ya shughuli hizo. Nyumba ya stesheni ya Sigi ipo hadi leo, nayo hupokea wageni wa hifadhi ya msitu. Pwani, vyombo vilijaa. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na bumu la Wakuwaiti lililofika Lamu, Mombasa na Unguja, likapakia boriti za mikoko Rufiji na kurudi Ghuba kwa pepo za kusi. Katika siku zile nani angenunua jahazi dogo kwa bei ya kubwa? Ungetoka nje ukayahesabu bandarini. Leo majahazi bado yapo, lakini yamepungua; mengi yamefungwa injini, na mafundi wazee wanaondoka. Kikubwa kinapoadimika, kidogo hupanda bei.

Lakini uhaba una somo zito kuliko bei, na somo hilo ni la mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo chetu cha kale, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigwa misumari, chenye tanga la mkeka na omo iliyochongwa mithili ya shingo ya ngamia. Ushonaji huo ni wa zamani mno. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinataja mashua zilizoshonwa katika pwani hii, na kueleza kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana nazo. Wapo wataalamu wanaoitafuta Rhapta karibu na Pangani, na wengine Rufiji. Wareno walipofika mwaka 1498 waliona vyombo vya kushonwa. Visiwa vya Lamu viliendelea kuunda mitepe hadi karne ya 19, na mapema katika karne ya 20 ikatoweka. Hakuna hata mtepe mmoja mzima wa kale uliobakia. Miaka takriban 1,900 ya ushonaji imemalizika, na kilichobaki ni maelezo ya wasafiri, picha chache, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho, kama ile ya Lamu na ya Ngome ya Yesu, Mombasa.

Msomaji na alifikirie jambo hili. Mafundi wetu hawakuchora ramani za vyombo. Kipimo kilikuwa jichoni na mkononi. Fundi alisimama mbali kidogo, akafumba jicho moja, akajua taruma limekaa sawa au halikukaa. Fundi alipokufa, ramani ilizikwa naye. Kwa hiyo ule mfano mdogo, uliodhaniwa kuwa mchezo wa watoto au zawadi ya Mzungu, ndio ramani pekee iliyosalia. Mwaka 2003 mtepe uliundwa upya Unguja na kuwekwa katika jumba la Beit al Ajaib. Hapakuwa na mtepe wa zamani wa kupima. Yeyote anayetaka kuurudisha mtepe hana budi kuviuliza vile vidogo. Na tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka. Tukakumbushwa kwamba hata nyumba ya kuhifadhia kumbukumbu nayo huhitaji kuhifadhiwa.

Baada ya kuyatafakari hayo nilimjibu mjukuu wangu. Nilimwambia kwamba bei ya jahazi letu haijulikani mpaka atokee wa kulinunua na mwingine wa kushindana naye, na kwamba inaelekea sana tungepata sehemu ndogo ya alichokiona. Ada ya chuo tutaitafuta kwenye iliki, kama tulivyomsomeshea mama yake. Lakini kabla ya neno la kuuza kutamkwa tena nyumbani humu, nilitaka liundwe la pili, lifuate la kwanza taruma kwa taruma, ili likipotea moja lisalie jingine.

Tukateremka Tanga. Tulimpata fundi kijana, ambaye kazi yake ya kila siku ni kutengeneza mashua za wavuvi. Aliligeuza jahazi la mjomba mikononi, akalichungulia kwa chini, akapitisha kidole kwenye mkuku, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba aliyeliunda alikuwa akijua kazi, kwani ndani, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayetazama, mataruma yote yapo. Akasema itamchukua kama saa 600, na ujira wake ni shilingi 1,500,000.

"Milioni moja na nusu!" nikasema. "Mwanangu, jahazi la kuchezea?"

Kijana hakukasirika. "Shikamoo yako nimeipokea vibaya, mzee," akasema huku akicheka, "maana naona leo wewe ndiwe uliyekuja kuniibia. Hili ni jahazi zima. Halibebi mzigo tu."

Mjukuu wangu aliangalia pembeni. Nami, niliyekuwa nimekasirika mwaka mzima kwa ajili ya wageni walionunua vijahazi vya mjomba kwa bei ya sukari, nilijisikia nimesimama mahali pale pale walipokuwa wamesimama wao. Nikapiga hesabu: 1,500,000 kugawanya kwa 600 ni shilingi 2,500 kwa saa moja ya macho makali na mkono usiotetemeka. Sikuomba kupunguziwa. Nililipa nusu siku ile, na nusu kwa mafungu matatu.

Basi, ziko bei mbili za kipuuzi. Iko ile ya dola 4,800 kwa mlingoti uliopinda upande usio wake, nayo inachekesha, kwani mwenye kulipa atakuwa amejidhulumu mwenyewe. Iko na ile ya kilo chache za sukari kwa kazi ya miezi, nayo haichekeshi hata kidogo, ila tumeizoea hata hatuioni. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wazee, na mimi naongeza kwamba mara nyingi tunaolizuia ni sisi jamaa zake, kwa kumwambia kwamba kazi yake ni mchezo.

Majahazi mawili sasa yako juu ya kabati langu. Katika karatasi nimeandika aina ya mbao, urefu wa mkuku, idadi ya mataruma, na mji ambao kila moja liliundwa. Chini ya kila mkuku nimeandika, kwa wino usiofutika, jina la fundi wake na mwaka. Jina la mjomba sitalitaja hapa, kwa sababu alikuwa mtu wa haya, asiyependa kutangazwa. Lakini atakayeligeuza jahazi lile, awe mjukuu, mwizi au mnunuzi kutoka nchi za mbali, atalikuta. Akitaka kutaja bei, na aanzie hapo.